Nimepigwa KO mara mbili na promota ananiita tena. Niende, au niache nishike padi za kufundishia vijana?

Shikamoo mzee,

Mimi ni bondia wa ngumi za kulipwa, mkazi wa Manzese hapa Dar es Salaam. Nina miaka 35, mke na watoto watatu. Ngumi nilianza nikiwa darasa la sita, nikacheza ridhaa, kisha nikaingia za kulipwa nikiwa na miaka 20. Uzito wangu ni kilo 63.5. Ubingwa wa dunia sijawahi kuupata, lakini mtaani wananijua, na kiwanja changu cha Chanika nimekinunua kwa ngumi hizi hizi.

Tatizo langu ni hili. Katika mapambano yangu manne ya mwisho nimeshinda moja tu. Mawili nimepigwa KO, yote nje ya nchi. La mwisho ni miezi miwili iliyopita, nilidondoka raundi ya tano na mpaka leo sikumbuki vizuri nilivyorudi vyumbani. Tangu siku hiyo naamka kichwa kinauma, na mara mbili nimepitilizwa kituo na daladala wakati sikuwa nimelala. Mke wangu anasema nimekuwa mkali kwa watoto. Mimi naona ni mawazo ya maisha. Mazoezi naendelea, na sparing, yaani kupigana na wenzangu mazoezini, nafanya kama kawaida.

Sasa promota amenipigia. Kuna pambano Ulaya wiki tatu zijazo, raundi nane, kilo 66, dola 2,500. Mpinzani ana miaka 22 na hajawahi kupoteza. Ameshanitumia shilingi laki tatu za maandalizi, nimelipia kodi ya nyumba. Mke wangu ameapa kwamba nikisafiri sitamkuta.

Upande mwingine, kocha aliyenilea ameshazeeka, ameniomba nimsaidie vijana pale jimu. Jioni nawafundisha na kusema kweli napenda. Kuna mmoja wa miaka 18, mashoto, mikono yake ina kasi ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo. Promota huyo huyo anamtaka apigane Desemba, za kulipwa moja kwa moja. Rafiki yangu ananiambia nimsainishe niwe meneja wake na nusu ya malipo iwe yangu, maana mimi ndiye niliyemfundisha.

Lakini ukocha nauogopa. Kocha wetu ametoa mabondia wengi, na leo anaomba nauli kwa hao hao aliowatoa. Nifanye nini? Nipigane hili la mwisho nipate mtaji, au niache sasa hivi? Na nikiacha, nitakuwa nani?

Bondia wa Manzese

*

Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka, kwa sababu wiki tatu si nyingi: pambano hilo usiende. Na kabla hujampigia promota kumwambia, panga siku ya kwenda hospitali.

Umeniandikia mambo matatu kama vile hayahusiani: kichwa kinachouma kila asubuhi, daladala iliyokupitiliza ukiwa macho, na ukali kwa watoto. Yaweke pamoja. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, ubongo huweza kuugua bila jeraha lolote kuonekana nje, na dalili zake ndizo hizo ulizozitaja. Kuyaita mawazo ya maisha kabla daktari hajakupima ni kujidanganya. Nenda MOI, ile taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, wana madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu. Mwambie daktari ukweli wote: KO mbili, ya mwisho lini, kumbukumbu iliyopotea, na kwamba umeendelea na sparing. Akikupiga picha ya CT ikatoka safi, usishangilie ukarudi ulingoni, kwa sababu picha hiyo huonyesha damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, lakini ubongo uliotikiswa mara nyingi hauonekani humo. Daktari atakusikiliza maelezo yako kuliko picha. Mkeo aende nawe, maana yeye anaona usiyoyaona.

Hiyo sparing ikome leo. Kamisheni nyingi duniani humsimamisha bondia aliyepigwa KO kwa siku 30 hadi 90 kulingana na alivyoumia, na katika muda huo haruhusiwi kuguswa kichwani hata mazoezini. Ngumi ya pili juu ya ubongo ambao haujapona inaweza kuua hata kama ni nyepesi. Ubongo ukivimba kwa ndani hakuna msaidizi wa kona atakayekuokoa.

Sasa litazame pambano lenyewe kwa macho ya anayeliandaa. Kijana wa miaka 22 hajapoteza, yuko kwao, anatafutiwa jina la kuongeza kwenye rekodi yake. Wewe una miaka 35, una rekodi ndefu inayosomeka vizuri kwenye bango, na umetoka kupigwa KO. Unapandishwa uzito, kutoka 63.5 hadi 66, na taarifa unapewa wiki tatu kabla. Hizo dola 2,500 ni bei ya kupotezwa. Najua utanitajia Hassan Mwakinyo, kwamba naye alikwenda Birmingham Septemba 2018 bila kupewa nafasi, akamsimamisha Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili. Ni kweli, na nchi nzima ilifurahi. Lakini alikuwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu mwenye mwili mbichi, hakuwa ametoka kupoteza fahamu miezi miwili kabla.

Mfano wa kutazama ni Robert Wangila wa Kenya. Seoul 1988 alileta dhahabu ya Olimpiki, na hakuna bondia mwingine wa Afrika Mashariki aliyewahi kufika hapo. Julai 1994, Las Vegas, refa alimsimamisha raundi ya tisa. Wangila alilalamika, akasema bado anaweza kuendelea. Akaanguka baada ya pambano, na siku mbili baadaye akafariki akiwa na miaka 26. Bondia ndiye mtu wa mwisho kujua kwamba amekwisha, na hasemi uongo anapodai yuko sawa, kwa sababu kinachotakiwa kumpa taarifa ndicho kilichoumia.

Ile laki tatu usiifanye mnyororo. Mpigie promota, mwambie huendi kwa sababu za kiafya, mapema ili atafute mtu mwingine. Mwambie utamrudishia kidogo kidogo, na mwandikishane. Akikutisha, peleka suala Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa, TPBRC, ukiwa na cheti cha daktari. Bondia wa kulipwa hasafiri kupigana nje bila kibali, na cheti kinachosema huna afya kinamaliza ubishi wote.

Nije kwenye swali lako la mwisho, ambalo nadhani ndilo lililokunyima usingizi: utakuwa nani.

Kuna mtu anaitwa Freddie Roach, Mmarekani. Alianza ngumi za kulipwa mwaka 1978, mkanda wa dunia hakuwahi kuuvaa. Kocha wake alikuwa Eddie Futch, mmoja wa makocha wakubwa kuliko wote waliowahi kutokea. Futch alipoona kijana wake anapokea ngumi ambazo zamani alikuwa anazikwepa, alimwomba astaafu. Roach akakataa. Akapigana tena bila Futch, akapoteza mengi ya mapambano hayo ya mwishoni, ndipo akaacha mwaka 1986. Akiwa bado kijana, madaktari wakamkuta na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, na mwenyewe amekuwa akiuhusisha na ngumi alizopigwa.

Alikaa akihangaika na vibarua, kisha akarudi kwa Futch, safari hii kama msaidizi. Akajifunza kazi upya, akiwa nje ya kamba. Mwaka 1995 akafungua jimu lake Hollywood, Wild Card, na mwaka 2001 akaingia Mfilipino mmoja mdogo wa mwili akitafuta mtu wa kumshikia padi. Huyo alikuwa Manny Pacquiao, mmoja wa mabondia wakubwa duniani. Waandishi wa ngumi wa Marekani wamempa Roach tuzo ya kocha wa mwaka mara saba. Ukimtazama akiongea, sauti na mikono vinamsaliti. Akishika padi, anapigisha kama mtu mzima wa afya. Nakuomba uziangalie zile ngumi alizopokea baada ya kuambiwa aache. Hakuna aliyemlipa fidia kwa hizo.

Kutoka Afrika Mashariki wapo pia. Cornelius Boza-Edwards, mzaliwa wa Uganda, alikuwa bingwa wa dunia wa WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya dunia, mwaka 1981, na baadaye akawa mkufunzi huko Las Vegas. John Mugabi, yule Mganda aliyepigana na Marvin Hagler mwaka 1986, alihamia Australia na kufundisha vijana huko. Kwa hiyo njia ipo.

Ila usiingie ukidhani kwamba kwa kuwa ulipigana, unajua kufundisha. Jabu wewe unaipiga bila kuifikiria. Huyo kijana lazima aambiwe kisigino kinafanya nini, nyonga inazunguka wakati gani, bega linapanda kufunika kidevu, na mkono unarudi shavuni kwa njia ile ile uliyotokea, haushuki kiunoni kwanza. Utamwambia hivyo mara mia na mkono utashuka. Siku ya mia na moja utatafuta njia nyingine ya kumweleza, bila kumtukana. Mabingwa wengi wameshindwa ukocha kwa sababu kilichokuja chenyewe mwilini mwao hawakuweza kukiweka kwenye maneno. Wewe uliyejifunza kwa taabu una nafasi kubwa kuliko wao. Basi nenda kwa mzee wako, mwambie unataka kuwa msaidizi wake na kujifunza: kufunga bandeji mikononi, kupanga kambi, kumshusha mtu uzito bila kumkausha maji. Ulizia kozi za ukocha kupitia Shirikisho la Ngumi za ridhaa na leseni ya ukocha kupitia kamisheni. Karatasi ni muhimu, maana siku utakapokwenda na bondia nje, asiye na karatasi anabaki kwenye viti vya watazamaji.

Halafu kuna ile dakika moja ya kona. Siku nyingine pambano likiendelea mtazame mtu wa kona badala ya bondia. Kengele inalia, kiti kinawekwa, kinga ya meno inatolewa na kuoshwa. Sekunde za kwanza kocha mzuri hasemi kitu, anamvuta bukta kiunoni ili tumbo lipate nafasi ya kupumua. Barafu shingoni. Kama kuna mpasuko juu ya jicho, pamba yenye adrenalini, dawa ya kuzuia damu, inakandamizwa hapo, inafuata vaseline. Ndipo anasema jambo moja, na yakizidi mawili hayaingii. Muda wote huo anamtazama machoni. Anamuuliza tuko raundi ya ngapi. Anasikiliza jibu, na anasikiliza pia limechukua muda gani kutoka. Yote hayo kabla watu wa kona hawajaamriwa kutoka.

Manila, Oktoba 1, 1975, Eddie Futch huyo huyo alikuwa kona ya Joe Frazier dhidi ya Muhammad Ali. Imebaki raundi moja, ya 15. Macho ya Frazier yamevimba, ngumi za Ali hazioni zinapotoka. Frazier anataka kuendelea. Futch akasimamisha. Ubingwa wa dunia wa uzito wa juu, dakika tatu zimebaki, na akasema hapana.

Nakwambia pia la upande mwingine, ujue uzito wa kazi unayoiulizia. Julai 2019, huko Maryland, Buddy McGirt, bingwa wa dunia wa zamani aliyekuwa kocha, alimsihi Maxim Dadashev akubali kusimamishwa baada ya raundi ya 11. Kijana akatikisa kichwa kukataa. McGirt akasimamisha hata hivyo. Dadashev alifariki siku nne baadaye, na alikuwa na miaka 28. Kocha alifanya lililo sahihi, na bado alimpoteza mtu wake. Anayetaka kushika padi lazima awe tayari kuchukiwa na bondia wake usiku wa pambano. Ndiyo maana nasisitiza safari hii uikatae mwenyewe. Huwezi kuja kumwambia kijana wa watu imetosha, wakati yeye alikuona ukipanda ndege na kichwa kinauma.

Kuhusu njaa, hofu yako ni ya kweli na sitaipamba. Kocha wa vijana wa mtaani halipwi na vijana. Kilichozoeleka duniani ni kocha kupata asilimia 10 ya malipo ya bondia wake, na bondia anayelipwa laki tano hatakulisha. Mzee wako alikosea mahali pamoja tu: hakuandikiana na mtu yeyote, akategemea shukrani. Wewe tafuta mguu wa pili. Masaki, Mikocheni na Mbezi kuna watu wazima wanaolipa ili wapigishwe padi asubuhi wapunguze tumbo, na wanapenda kufundishwa na mtu aliyepigana kweli. Jina lako hapo lina thamani kuliko mkanda. Asubuhi wao, jioni vijana wako. Mwaka wa kwanza utakuwa mgumu na mkeo ajue hivyo tangu sasa. Lakini daktari kwanza: hata padi usishike mpaka akuruhusu, na akikuruhusu, usiwe kocha anayeingia sparing na wanafunzi wake kuonyesha bado yumo. Wengi walioacha ngumi wanaendelea kupigwa kwa mlango huo.

Mkeo mwambie leo. Asisikie kwa jirani kwamba hujasafiri. Mwambie pia kuhusu zile daladala mbili, kama hajui. Na watakaosema umeogopa waache waseme, hawatakuja kukulisha uji.

Imebaki habari ya kijana. Nusu ya malipo yake ni wizi, hata kama atasaini kwa furaha. Meneja na kocha ni kazi mbili. Meneja anatafuta pambano lipatikane, kocha anatakiwa aweze kusema pambano hili halifai, na mtu mmoja akivaa kofia zote mbili njaa ndiyo itakayoamua. Chukua asilimia 10 ya ukocha, kwa maandishi, mbele ya wazazi wake, na mkataba uwe na mwisho. Akipatikana meneja wa kweli, mwanasheria ausome mkataba kabla hajaweka sahihi. Kama hamna hela ya mwanasheria, ulizeni vituo vya msaada wa kisheria.

Na Desemba apigane za ridhaa, siyo za kulipwa. Miaka 18, mashoto, mikono ya kasi: huyo ni wa kuombewa nafasi timu ya taifa. Titus Simba alileta medali ya fedha kutoka michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970 kwa ngumi za ridhaa, na mwaka 2022 Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walirudi na shaba kutoka michezo hiyo hiyo kule Birmingham. Huko atakutana na mitindo ambayo Manzese hatuna, kwa raundi tatu tatu, na daktari amekaa pembeni. Promota akiuliza, mwambie kijana bado, na umwambie wewe kama kocha wake.